Cherehani ya mtumba ya kushonea ngozi: dalili, chanzo, na lini uiache kwa mwenyewe

Cherehani yangu ya kwanza ya kiwandani niliinunua kwa haraka. Msimu wa korosho ulikuwa umefunguka, watu wana hela mkononi, na kila siku hapa Chikongola, Mtwara, alikuwa anapita mtu: huyu anataka mkanda, yule anataka mkoba, mwingine siti ya bodaboda ivalishwe upya. Nikaona nikichelewa nitapitwa. Muuzaji alinishonea jinzi iliyokunjwa mara nne, sindano ikapita bila kusita. Nikalipa, nikaipakia. Nilipofika nyumbani nikaweka vipande viwili vya ngozi ya ng'ombe, kimoja juu ya kingine, na hapo ndipo nilipojua nimenunua nini. Cherehani ilikuwa nzima kabisa, haina ugonjwa hata mmoja. Ilikuwa cherehani ya fundi nguo.

Tangu hapo, kila nikiitwa kumwangalizia mwenzangu cherehani ya mtumba, dalili ninayoiona naitia kwanza kwenye fungu lake. Kuna dalili za aina ya cherehani yenyewe. Hizo hakuna bisibisi itakayozitibu. Kuna za marekebisho, nusu saa zimekwisha. Na kuna za chuma kilicholika, ambazo zinataka spea, na kwetu Mtwara na Lindi spea maana yake mara nyingi ni kuagiza Kariakoo na kwenda kusubiri mzigo stendi. Fungu la kwanza linakurudisha nyumbani mikono mitupu, la pili linakupunguzia bei, la tatu linataka hesabu kabla hujafungua mdomo.

Usiende na mikono mitupu. Beba ngozi unayoishona wewe kila siku, uzi wako, sindano mpya, tochi na bisibisi mbili. Ukikubali kujaribia kitambaa cha muuzaji, umejaribu kazi ya mtu mwingine.

Ngozi ya juu inabaki nyuma

Kata vipande viwili vya ngozi, urefu sentimita 30 kila kimoja, vilingane sawasawa. Usivigundishe. Viweke pamoja, shona kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuvuta kwa mkono, kisha tazama mwishoni. Kama cha chini kimefika na cha juu kimebakiza ulimi wa nusu sentimita au zaidi, cherehani hiyo inasukuma kwa meno ya chini peke yake. Meno yanashika ngozi ya chini na kwenda nayo, huku mguu umeikandamiza ya juu na kuizuia. Kwenye kitambaa husumbuki sana. Kwenye ngozi, hasa iliyopakwa rangi ikanata, mkoba unatoka umepinda.

Cherehani za washona nguo karibu zote ziko hivyo. Juki DDL-8700, ambayo utaikuta kwa mafundi wengi wa sare, ni cherehani nzuri sana kwa kazi yake, lakini usiinunue kwa ngozi. Mtu atakwambia ubadilishe mguu uweke wa plastiki unaoteleza. Unasaidia kidogo kwenye ngozi nyembamba ya mbuzi, basi.

Fundi ngozi anatafuta cherehani ambayo sindano inatembea na ngozi, mguu nao unatembea. Huhitaji umeme kuijua. Shusha mguu juu ya ngozi, zungusha gurudumu kwa mkono polepole, tazama kwa karibu. Sindano ikishazama, inasogea nyuma pamoja na meno, au inapanda na kushuka palepale? Mguu ni mmoja, au ni miwili, wa ndani na wa nje, inayopokezana kama mtu anayepiga hatua? Ukiona sindano inasogea na miguu inapokezana, hapo una kitu cha kuzungumzia. Kwenye mtumba majina yenye mwendo huo ni kama Singer 111W155, Consew 206RB, Juki LU-563 na DNU-1541, Seiko STH-8, na Pfaff 545. Hizi zinabeba mikoba, mikanda ya tabaka mbili, siti na makochi. Usizitwishe soli nene za makobazi, utazichosha bure.

Kama cherehani ni ya aina hiyo na bado ngozi ya juu inabaki, usikate tamaa. Mara nyingi miguu miwili haipandi sawa, mmoja unainuka sana na mwenzake kidogo, au kikandamizio, ile chemchemi inayousukuma mguu chini, kimekazwa kupita kiasi. Legeza skrubu ya juu ya kikandamizio na ujaribu tena kabla hujasema neno.

Singer 29K ni habari nyingine. Ni ile ya mafundi viatu, yenye mkono mwembamba mrefu na mguu unaogeuka pande zote. Chini haina meno kabisa. Mguu wa juu ndio unaovuta ngozi. Kwa kuziba kiraka ndani ya kiatu haina mpinzani, kwa kushona mkanda wa mita moja ulionyooka itakutesa. Herufi K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Scotland, ambacho kilifungwa mwaka 1980, kwa hiyo utakayoiona ina umri mkubwa hata ikipakwa rangi vipi. Ugonjwa wake wa uzee ni mshono kufupika. Weka urefu wa mwisho kabisa, shona, pima. Kama mishono imesongamana na hairefuki zaidi, vyuma vinavyosukuma mguu vimelika. Muuzaji atasema ni skrubu tu. Mpe bisibisi airekebishe mbele yako.

Inaruka mishono

Hii ndiyo dalili inayowatoa watu pesa nyingi, kwa sababu ina vyanzo vingi na vinafanana kwa nje. Nenda navyo kwa mpangilio, kuanzia cha bei rahisi.

Anza na sindano. Itoe ile aliyoiacha muuzaji, weka mpya yako. Lakini hakikisha ni ya mfumo wake. Singer 111W, Consew 206RB na hizo Juki zinatumia 135x17, ambayo pia huandikwa DPx17, yenye ncha ya mviringo. Yenye ncha ya kukata ngozi ni 135x16. Pfaff 545 inatumia 134-35. Tatizo liko hapa: sindano ya DPx5, iliyojaa kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji, ina shina la unene uleule wa milimita 2, kwa hiyo inaingia kwenye kishikio na kukaza vizuri kabisa, ila ni fupi. Cherehani itaruka mishono mingi, au haitashika hata mmoja. Nimekuta zaidi ya mara moja cherehani inauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo tu. Mwenye nayo aliweka sindano fupi, fundi akaja akasogeza taimingi, yaani wakati chuma cha chini kinapokutana na sindano, kuifuata sindano fupi, na tangu siku hiyo hata sindano sahihi ikawa haishoni.

Kisha tazama sindano imeelekea wapi. Mfuo mrefu wa sindano, ule mfereji wake, unakaa upande uzi unakoingilia. Upande uliochongwa ukaingia ndani unatazama ndoano, kile chuma chenye ncha kinachozunguka chini na kuubeba uzi wa juu. Ikigeuka hata kidogo, inaruka.

Unene wa sindano na uzi lazima uoane. Uzi wa Tex 70 (Tex ni kipimo cha unene wa uzi) unakaa vizuri kwenye sindano namba 18, yaani 110 kwa kipimo kingine cha sindano. Tex 90 upe namba 20, ambayo ni 125. Tex 135 unataka 22 au 23, 140 hadi 160. Uzi mnene kwenye tundu jembamba haufanyi kitanzi, na bila kitanzi ndoano inapita patupu.

Sindano ni sahihi na bado inaruka? Angalia ngozi wakati sindano inapanda. Kama ngozi inainuka pamoja nayo, kisha inarudi chini kwa kishindo kidogo, chanzo ni mguu kukandamiza kidogo. Kitanzi cha uzi kinajitengeneza pale sindano inapoanza kupanda huku ngozi imetulia; ngozi ikipanda nayo, kitanzi hakitokei. Kaza kikandamizio. Dalili hii huonekana zaidi kwenye ngozi nene na kavu, ndiyo maana jinzi ya muuzaji haiionyeshi.

Vyote hivyo vikishindikana, ndipo taimingi. Fungua bati dogo lenye tundu la sindano, washa tochi, zungusha gurudumu kwa mkono. Sindano inashuka hadi mwisho, halafu inaanza kupanda. Ikishapanda karibu milimita 2 hadi 2.5 kutoka chini kabisa, ncha ya ndoano inatakiwa iwe inapita katikati ya sindano, juu kidogo ya tundu, ikikaribia kuigusa bila kuigusa. Nafasi kati yao iwe ya karatasi nyembamba. Ncha ikipita mapema au ikichelewa, ni marekebisho. Fundi anayejua ataimaliza kabla chai haijapoa. Mpunguze muuzaji bei, ununue.

Ila kabla hujafurahi, shika chuma kinachobeba sindano kwa vidole viwili, kitikise mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kikicheza waziwazi, taimingi utakayoweka leo itahama kesho, kwa sababu sindano haipiti njia moja mara mbili. Hilo ni fungu la tatu. Tazama pia ncha ya ndoano kwa tochi na uipitishe ukucha. Ncha iliyo butu au iliyomeguka haiponi kwa msasa; inataka ndoano mpya. Spea za 111W na jamii yake zinapatikana kwa urahisi kuliko za aina adimu. Kwa cherehani ambayo hata jina halisomeki, uliza spea kwanza, ukipata jibu ndipo utoe hela.

Sindano inashona, chini kimya

Niliwahi kwenda Mikindani kuangalia 111W kwa mzee mmoja. Ilikuwa barazani, imefunikwa kwa kipande cha turubai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, lakini nakwambia mapema usije ukanilaumu: imekufa. Sindano inapanda, inashuka, uzi wa chini haushikwi."

Nikaondoa bati, nikazungusha gurudumu. Kweli, sindano inafanya kazi yake na ndoano imesimama kama imepigwa msumari. Nikachokonoa kwa kibano, nikatoa donge la uzi mweusi lililojibana nyuma ya bobini. Kisha nikatafuta kitufe kidogo juu ya kitanda cha cherehani, nikakibonyeza kwa kidole, na mkono wa pili nikazungusha gurudumu kwa nguvu kinyume na mwendo wake wa kawaida. Kikalia *ta!* Nikazungusha tena kawaida, ndoano ikazunguka.

"Mzee, haijafa. Ilikabwa na uzi ikajiachia yenyewe isivunjike."

Bei ilipanda palepale barazani, na ilikuwa haki yake. Nisingeweza kununua kitu cha mzee kama huyo kwa bei ya chuma chakavu huku najua. Hiyo ni klachi ya usalama. Ipo kwenye 111W nyingi, kwenye 206RB, kwenye LU-563 na ndugu zao. Uzi ukijibana, inaachia ndoano ili chuma kisivunjike. Basi ukikuta cherehani ya jamii hii "imekufa" kwa namna hiyo, toa uchafu, bonyeza kitufe, zungusha kinyume. Ikishika na kuachia tena bila kubanwa na kitu chochote, klachi yenyewe imechoka, na hapo bei ni ya mazungumzo mengine. Ikiwa kitufe kimeganda hakibonyei kabisa, ni kutu au mafuta yaliyogeuka gundi.

Uzi unakatika au unachanika nyuzinyuzi

Uzi ukikatika ghafla, safi, mkazo umezidi au umepitishwa njia isiyo yake. Ukichanika na kuota manyoya kabla ya kukatika, kuna mahali panaukwaruza. Chukua uzi mwembamba wa pamba, uupitishe kwa mkono kwenye kila tundu na kila kona unapopita uzi: vile visahani vya kukazia, chemchemi, tundu la bati la sindano, ukingo wa ndoano. Pamba itanasa penye jeraha. Tundu la bati lililojaa makovu linaeleza kwamba sindano zimewahi kuvunjikia hapo, nyingi. Makovu madogo yanaondoka kwa msasa laini uliozungushiwa kwenye uzi mnene. Visahani vilivyochimbika mfereji uvibadilishe, si ghali.

Kiota cha uzi chini ya ngozi karibu kila mara kinatoka juu: uzi haukuingia kati ya visahani, au mguu ulikuwa umeinuliwa. Watu wanahangaika na bobini bure.

Kutu na rangi mpya

Kwetu chumvi iko hewani. Anayeishi Shangani ya Mtwara au Lindi mjini karibu na maji anajua bati na misumari vinavyoliwa. Cherehani iliyokaa miaka miwili bila kazi pwani hii inaoza kuanzia ndani, na rangi ya nje haikuonyeshi. Mimi nakiinamisha nyuma kichwa chake, yaani cherehani yenyewe bila meza na mota, na kutazama tumbo. Kutu ya juujuu kwenye kifuniko haina neno. Kutu kwenye mashafti, kwenye nyumba ya bobini, kwenye mifereji ya ndoano, hiyo inakula uzi wako kila siku utakayoshona. Pitisha kidole ndani ya nyumba ya bobini. Pawe laini kama ndani ya kikombe. Kidole kikikwaruzwa, uzi utakwaruzwa zaidi.

Iliyotoka bara, Masasi au Nachingwea, mara nyingi shida yake ni vumbi na mafuta yaliyoganda, na hiyo ni nafuu kubwa. Gurudumu linakuwa zito kama linakoroga uji. Lainisha kwa mafuta ya taa kila tundu la mafuta, zungusha kwa mkono mpaka uchafu utoke, futa, kisha weka mafuta halisi ya cherehani, yale mepesi meupe. Nimekuta iliyotiwa mafuta ya kula. Yanalainisha siku tatu, halafu yanageuka gamu, na mwenye nayo anaamini cherehani imezeeka.

Rangi mpya inayong'aa juu ya skrubu zilizokwaruzika inanitia shaka kuliko rangi iliyobanduka. Iliyobanduka pale mkono wa fundi unapopita imefanya kazi, na cherehani inayofanya kazi inapata mafuta.

Inakimbia, inanguruma, au haiwaki kabisa

Soma kibao cha mota kabla ya kuchomeka. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230, hezi 50, fezi moja. Cherehani iliyoingia kutoka Japani inaweza kuwa na mota ya volti 100, au ya volti 200 fezi tatu. Ya Marekani ni volti 110 hadi 120, hezi 60. Ya kiwanda cha Ulaya mara nyingi ni fezi tatu. Ukichomeka ya volti 110 kwenye soketi yako, utanusa moshi. Mota isiyooana haimaanishi kichwa ni kibaya. Kichwa kizuri chenye mota isiyofaa ni biashara nzuri, kwa sababu mota inabadilishwa na kichwa hakibadilishwi. Hesabu bei ya mota mpya, itoe kwenye bei yake.

Mota za zamani za klachi zinazunguka muda wote, karibu mizunguko 1,450 kwa dakika kwenye umeme wetu, na mguu wako ndio unaoikamatisha. Zinanguruma hata cherehani ikiwa imetulia, huo si ubovu. Ubaya wake kwenye ngozi ni kasi. Puli ya mota ya milimita 75 na gurudumu la milimita 100 zinakupa mishono kama 1,090 kwa dakika. Kona ya mkoba itakushinda. Weka puli ya milimita 50, inashuka hadi 725 na nguvu ya kutoboa inaongezeka. Mimi nilihamia mota ya sevo ya wati 550. Inazunguka pale tu ninapokanyaga, naweza kushona mshono mmoja mmoja kuzunguka chuma cha kufungia mkanda, na umeme wa kulipia umepungua.

Ukiskia inagonga, *ko, ko, ko*, kwa kila mshono, toa mkanda wa mota uzungushe kwa mkono. Ikinyamaza, ni mota au puli iliyolegea. Ikiendelea, shika gurudumu ulivute na kulisukuma kuelekea upande wa kichwa. Likisogea, shafti ina nafasi, na wakati mwingine ni skrubu mbili tu za kola, ile pete inayoishika shafti, zilizolegea. Kaza, sikiliza tena. Ikiendelea kugonga baada ya hapo, mimi naaga kwa adabu.

Kwa muuzaji ilishona, nyumbani haishoni

Kichwa kikisafirishwa kimelala juu ya gunia ndani ya buti ya basi, mambo mengi yanahama. Lakini la kwanza kabisa ninaloangalia ni mwelekeo. Kwa cherehani hizi za miguu inayopokezana nilizozitaja, sehemu ya juu ya gurudumu inatakiwa ije kwako wewe uliyekaa. Mota mpya ikifungwa, au waya za fezi tatu zikibadilishana, inazunguka kinyume. Uzi unajifunga chini papo hapo na mtu anampigia simu muuzaji kwa hasira. Sevo nyingi zina mpangilio wa kugeuza mwelekeo kwenye kisanduku chake. La pili ni sindano iliyoguswa njiani ikapinda. Ibadilishe bila kuifikiria. La tatu ni kile kitufe cha Mikindani.

Na siku ya kuichukua, usiondoke na kichwa, meza na mota peke yake. Muulize mwenyewe kuhusu bobini zote, miguu ya ziada, nyumba ya bobini ya akiba, chuma cha kusukuma kwa goti cha kuinulia mguu, na lile kopo la skrubu. Skrubu za Singer hazilingani na za dukani, na mara nyingi kopo hilo liko chini ya kitanda chake, limesahaulika tangu siku aliyoinunua.